Viti vya Mama Zawadi

Goma, Majengo
Jumatano jioni

Kwako Mama yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote: kama ni Asifiwe anayeishika barua hii, mwanangu, ikunje umpe mjomba wako Mugisho. Hakuna baya juu yako, ni mambo ya wakubwa tu. Na wewe Mugisho, ndiwe macho ya Mama. Msomee polepole, mtoto akiwa ametumwa maji, wala usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka masomo kanisani tumbo likilia.

Mama, magoti yanaendeleaje? Mafuta aliyokuletea Mama Mdogo yamesaidia, au yamekuwa ya kunusa tu? Mvua inanyeshaje huko Kabare? Maharage yameshatoa maua? Na ule mgomba ulioangukia choo, Mugisho ameshautoa, au bado anautazama akipanga? Huku kwetu pumzi ipo. Mdogo wake Asifiwe, Divine, hana homa, mimi sina homa. Siku nyingine moshi wa volkano unashuka juu ya nyumba na maji ya mvua yanabaki na ladha ya chuma ndani ya bidoni la plastiki, lakini tumezoea. Baba yao bado yuko Walikale kwenye machimbo. Simu yake ikipita ni bahati, na ikipita yeye ndiye anayeuliza kama mimi nina chochote.

Utasema, kwa nini kuandika wakati simu ipo? Kwenye simu siwezi, Mama. Asifiwe ndiye anayeipokea kwanza. Naanza kumuuliza shule, naishia kusema, "Tuko muzuri, tunajikaza." Maneno hayo yameuzoea mdomo wangu, yanatoka yenyewe kabla sijayaita. Utaona huku mbele yamenifanyia nini.

Nusu ya habari unayo. Unajua kwamba kiwanda cha triko, zile sweta za shule, pale kwenye njia ya Munigi, kilizima mashine zake. Unajua pia kwamba nilimleta Asifiwe kwako nikisema ni kwa muda tu, mpaka serikali itusaidie, halafu nije kumchukua. Tangu siku hiyo kila akishika simu ananiuliza, "Mama, utakuja mwezi gani?" Barua hii ndiyo jibu lake, na ndiyo sababu sitaki aisome.

Nikusimulie vizuri, maana najua Mugisho alikuambia kwamba tajiri wetu alifilisika. Hakufilisika. Ana afya kuliko sisi wote. Alituita uani, akapanda juu ya sanduku la nyuzi, akasema kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili kwamba triko za wanafunzi zitaendelea kuuzwa hapa Goma, za buluu vilevile, zenye lebo ileile, ila zitafumwa ng'ambo, huko Asia. Huko umeme haukatiki, na mashine zao zinamaliza kwa siku chache kazi yetu ya mwezi mzima. Triko zitapanda meli, zitashuka Mombasa, zitakuja na lori mpaka kwenye mlango uleule tuliokuwa tukiingilia asubuhi. Tukauliza, na sisi? Akasema anatushukuru. Alitushukuru vizuri sana, kwa kweli. Mimi nilikuwa na triko mikononi, kola imeungwa upande mmoja na upande wa pili unaning'inia, na sikujua kama niimalize au niiache. Nikaketi nikaimaliza. Mama Zawadi akaniuliza, "Sasa weye unamalizia nani?"

Mama Zawadi unamjua kwa sauti, ndiye anayepiga kelele nyuma yangu kila tukiongea kwenye simu. Tulikaa benchi moja kiwandani, mimi kwenye kola, yeye kwenye mikono, na nyumba zetu zinatazamana hapa avenyu. Ni mtu wa Kibumba. Alipokimbia vita aliacha godoro, akaacha na sufuria, akapakia viti vyake vya mbao juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na kuvisukuma mpaka Goma, kwa sababu marehemu mume wake ndiye aliyevichonga. Watu walimcheka njiani, mtu gani anakimbia risasi na viti? Lakini avenyu nzima hakuna viti vizuri kama vile. Kukiwa na ubatizo, kukiwa na kilio, tunakwenda kuviazima kwake, naye hajawahi kumnyima mtu.

Basi tulikaa bila kazi mpaka Papa Kasereka akatuita kwenye uwanja wa parokia. Papa Kasereka alikuwa delege wetu kiwandani, mtu aliyekuwa akitusemea kwa tajiri. Alikuwa amevaa shati jeupe na uso wa Pasaka. Akasema serikali imetusikia. Kuna msaada kwa wafanyakazi ambao kazi yao imepelekwa ng'ambo: mashine ya kufuma ya mkono kwa kila atakayechaguliwa, na mtaji mdogo wa kuanzia. Tulipiga vigelegele, Mama. Mimi hapohapo nilimwona Asifiwe akishuka kwenye boti na begi lake, nikaona na mahali nitakapoweka mashine, chini ya dirisha. Kisha Papa Kasereka akasema kwamba mashine hazitoshi kwa wote. Wajumbe watapita nyumba kwa nyumba waone kila mmoja anaishi namna gani, ndipo wachague.

"Ba mama," akasema, "hawa ni wageni, banatoka Kinshasa. Mubapokee muzuri. Musituletee haya."

Ndivyo alivyosema, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza. Tungeuliza nini? Kupokea mgeni ni jambo tunalolijua kabla ya sala. Hapa kwetu hakuna anayefundishwa kuonekana maskini. Umaskini unauweka nyuma ya pazia pamoja na masufuria meusi, unamfungulia mgeni mlango ukiwa umejipaka mafuta. Wewe mwenyewe ulitulea hivyo. Unakumbuka padri alipokuja nyumbani mwaka ule wa njaa, ukamchinjia kuku wa mwisho, sisi tukanywa mchuzi na kuambiwa tuseme tumeshiba?

Siku ya wajumbe niliamka mapema. Nilipiga deki sakafu, nikatoa kikwembe nilichovaa kwenye harusi ya Mugisho. Nilikwenda kwa fundi wa simu wa pale kona, akaniazima televisheni yake, nikaiweka juu ya meza na kuifunika kitambaa cha kufuma. Pesa iliyokuwa ya makala, mkaa wa kupikia, nikanunua nyama ya mbuzi ya kuchoma na chupa baridi za soda. Halafu nikavuka kwenda kwa Mama Zawadi kuomba viti.

"Chukua byote," akaniambia. "Kwangu batafika kesho, nitakuja kubichukua mangaribi."

Tukavibeba pamoja, tukavipanga kuzunguka meza, na nyumba yangu ya mbao ikawa na heshima ya nyumba ya mkuu wa shule.

Walifika wawili. Mmoja alikuwa dada wa Kinshasa, mpole, mwenye sauti ya chini. Alisema Kifaransa na Kilingala, Kiswahili hakukijua. Wa pili alikuwa papa wa ofisi ya hapa Goma, mwenye koti, aliyekuja kumtafsiria. Nikawakaribisha. Wakaketi, wakanywa, wakala. Yule papa alikula vizuri, sitamsengenya zaidi ya hapo. Ndipo dada akauliza, na papa akatafsiri.

"Mama, tangu kiwanda kifungwe, munaishi namna gani?"

Mama, wewe ungejibu nini? Mgeni yuko kwenye kiti, chupa iko mkononi, ametoka mbali. Nikajibu kama mtoto wako.

"Tuko, tunashukuru Mungu. Tunajidebruye, tunajitafutia. Hatulalake njala."

Na usiku uliotangulia tulikuwa tumelala na uji mwepesi, mimi na Divine. Wala sikuona kwamba nasema uongo. Ndivyo mtu anavyojibu. Hata kwenye kilio, mwenye maiti ukimuuliza habari, si anasema nzuri kwanza?

"Na batoto banasoma?"

"Banasoma."

"Mukubwa iko wapi?"

"Iko kwa koko yake, Kabare. Anapumzika."

Anapumzika! Mtoto niliyemwondoa mezani kwangu kwa sababu chakula hakikutosha, nikamweka kwenye likizo kwa neno moja. Divine alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, miguu haifiki chini, anaupapasa mkono wa kiti uliochongwa. Akaniuliza mbele ya watu, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Mama, hivi viti vitabaki kwetu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Dada wa Kinshasa akamgeukia papa, anataka kujua mtoto amesema nini. Papa alinitazama. Alielewa, Mama, alielewa kila kitu, viti na televisheni na nyama. Akatabasamu, akamwambia dada kwa Kifaransa kwamba mtoto anasema karibuni tena. Hata yeye alinipokea. Alinifunika aibu yangu kama mtu aliyelelewa vizuri, na mimi nilimshukuru kwa macho, nikamwongezea nyama.

Walipoondoka dada aliniambia kwamba nyumba yangu inapendeza. Nilifurahi. Nilisimama mlangoni nikawasindikiza kwa macho kama mke wa gavana.

Walipaswa kugeukia chini, kwenda upande wa barabara kubwa. Badala yake wakavuka, wakabisha kwa Mama Zawadi. Ilionekana wana muda, kwa hiyo wameamua kumaliza avenyu yote siku ileile. Mama Zawadi alikuwa nyuma ya nyumba akifua, kikwembe kimepasuka, povu mpaka kwenye viwiko. Ndani hakukuwa na hata kigoda. Akatoka amefura kwa aibu, na aibu kwake inatoka kama hasira. Alipindua bidoni la maji, akalipangusa kwa upindo wa nguo, akamwambia dada wa Kinshasa aketi hapo. Nilimwona kutoka mlangoni kwangu nikajifunika uso. Walipomuuliza anaishije, hakuwa na la kupamba. Nyumba ilikuwa tupu mbele ya macho yao.

"Sina kitu," akasema. "Hata viti biko kwa jirani."

Dada alielewa kwamba ameviweka rehani ili ale, na papa hakumsahihisha.

Jioni ile nilimgombeza, Mama. Nilimwambia ametutia haya sisi wote wa avenyu, mgeni wa serikali kumkalisha juu ya bidoni! Naye akavibeba viti vyake kimoja kimoja kuvirudisha.

Utakuwa umeshajua yaliyofuata. Papa Kasereka alisoma majina kwenye uwanja uleule wa parokia. Katika avenyu yetu lilitoka jina moja, la Mama Zawadi. Nilingoja langu mpaka akakunja karatasi, na hata baada ya kuikunja nikaendelea kungoja, nikidhani labda kuna upande wa pili. Wote tuliokuwa tumefagia, tukaazima, tukachoma nyama, hakutoka hata mmoja. Mama mmoja wa Katindo alikuwa amewapikia wageni kuku na wali. Yeye ndiye aliyeanza kulia.

Nilikwenda ofisini kwao. Nilimkuta papa yuleyule mwenye koti, safari hii nyuma ya meza yake, na pale mezani hakuwa tena mgeni wangu.

"Mama, haukuchaguliwa ju uko na maisha ya katikati," akasema. "Tuliona."

"Muliona nini, Papa?"

"Viti, televizyo, nyama. Na weye mwenyewe ulisema hamulalake njala."

"Viti bilikuwa bya Mama Zawadi. Televizyo ni ya fundi wa simu. Ile nyama ilikuwa pesa yangu ya makala. Papa, weye ulisikia mutoto."

Akatazama mlango kuona kama umefungwa.

"Basi ulidanganya serikali?"

"Sikudanganya. Nilipokea mugeni."

"Serikali haiko mugeni, Mama."

Jibu lake nalitafuta mpaka leo. Kama viti ni vyangu, sistahili msaada. Kama si vyangu, mimi ni mwongo, na mwongo hastahili pia. Nilimwomba anisaidie kuwaeleza wakubwa zake. Akasema dada amesharudi Kinshasa na mashine zimeshagawiwa, na kwamba nikitaka naweza kungoja awamu nyingine. Nikamuuliza ni lini. Akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyomchekea mtoto. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mgeni amekuja, nimempa mpaka makala yangu, na ndiyo nimeugua.

Usidhani Mama Zawadi alinicheka. Alikuja usiku ule akaketi chini sakafuni kwangu, alikataa hata mkeka, akalia. "Ni viti byangu njo bilikuangusha," akasema. Nilimwambia ni mdomo wangu ulioniangusha, si viti. Tulilia pamoja, halafu tukacheka, kwa sababu alinikumbusha jinsi nilivyomwongezea nyama yule papa.

Mashine yake ililetwa kwenye pikipiki. Ni mashine nzuri, siwezi kuisema vibaya. Alisema tutafanya kazi zamu kwa zamu, na kitakachopatikana tugawane. Nilipata moyo tena, nikafikiri labda Mungu ameingilia dirisha la jirani. Basi tukashuka kwenye maduka ya Birere kutafuta nyuzi. Nyuzi za kufuma triko moja, Mama, zinagharimu kuliko triko nzima iliyofumwa, ikapigwa pasi, ikavuka bahari na kufika hapa ndani ya nailoni. Tuliuliza duka la kwanza, la pili, tukauliza mpaka kwa yule anayeuza mabaki. Ni hivyohivyo. Na ule mtaji wa kuanzia ulikuwa umeshakwenda kwenye karo ya Zawadi na kwenye paa lililokuwa likivuja.

Tulifumua triko yangu kuukuu, tukafuma moja ya mtoto, tukaipeleka shuleni kwa masista tuliokuwa tukiwafumia zamani. Sista mkubwa aliigeuza ndani na nje, akasema ni kazi safi, akatuombea baraka. Kisha akasema wazazi sasa wananunua kwenye depo, ni bei ndogo, hawezi kuwalazimisha. Triko ile anayo Divine. Mashine iko kwa Mama Zawadi imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa ameweka pasi ya makaa na Biblia. Kwa hiyo, Mama, hata aliyesaidiwa hajasaidiwa. Mwanzoni nilikuwa nikimwonea wivu kidogo, na wivu huo sasa hauna hata pa kukaa.

Hiyo depo niliyoitaja ndiyo kiwanda chetu. Mashine zimeondolewa, wamejaza mabunda mpaka dari. Lori likifika wanaita wanawake wachache kutwa nzima kufungua mabunda, kunyoosha mikunjo, kutenga zilizo na kasoro. Wananiita mimi kwa sababu najua kola. Mara ya kwanza nilikwenda na moyo mbaya. Nilitaka kukuta kola zinafumuka, zimepinda, ili nirudi nyumbani niseme, si mnaona! Niligeuza ya kwanza, ya pili, nikavuta kwa kidole pale panapochoka haraka. Zimeungwa vizuri. Mtu aliyeziunga anaijua kazi yake, na labda naye ana mama anayemwandikia. Nilishindwa hata kumchukia. Nikanyoosha mikunjo mpaka jioni.

Papa Kasereka bado anasema tuvumilie. Yeye mwenyewe sasa anauza makala kwenye barabara ya Kanyaruchinya, na shati jeupe silioni tena. Nikimpita tunasalimiana, ananiambia "tunajikaza, Mama," nami namwambia "tunajikaza, Papa," na kila mmoja anaenda zake. Sitakuficha, Mama. Simngoji tena mjumbe, wala awamu, wala Kinshasa. Nimechoka kutega sikio mlangoni. Kama kuna kitu kitabadilika, sioni kitatokea wapi.

Lisilo budi hutendwa. Mwisho wa mwezi huu naiacha nyumba. Mwenye nyumba amevumilia kuliko nilivyotegemea, siwezi kumlaumu. Mama Zawadi amenipa nafasi ya mkeka kwenye saloni yake ya kupokelea wageni, kati ya mashine na ukuta. Ni nafasi ya mtu mmoja, na yeye ana watoto wake. Kwa hiyo Divine anakuja kwako. Barua hii inatangulia kwa mkono wa katekista anayesafiri kesho. Divine atapanda boti ya Ijumaa usiku pamoja na Mama Furaha muuza vitunguu, yule mnene mwenye kicheko. Mugisho, nakuomba, uwe bandarini Bukavu Jumamosi asubuhi kabla boti haijafunga kamba, asitoke akatazama watu asione wa kwake.

Najua utasema mwache mtoto, njoo na wewe, nyumbani ni nyumbani. Nimelifikiri usiku mwingi. Shamba baada ya Baba kufa na ndugu zake kugawana, lililobaki linakulisha wewe, Mugisho na mkewe, na Asifiwe. Divine ni mdomo mdogo. Mimi ni mdomo mkubwa, unanijua. Nikibaki huku, siku ya lori nitapata cha sabuni na daftari zao, nikipata nitatuma. Nikija huko tutakaa wote tukitazamana. Usinililie, Mama, au lia kidogo halafu uache, Asifiwe ni mwepesi wa kuona.

Divine anaogopa giza lakini hasemi, anasema tu kwamba miguu inamuuma, ndipo umjue. Hali mboga ya sombe ikiwa na pilipili. Usiku anaongea akiwa usingizini, usimwamshe. Wamlaze na dada yake.

Nisalimie Mama Mdogo, umwambie mafuta yake nayaombea. Nisalimie wifi yangu, mke wa Mugisho, na mimba yake. Mungu amfikishe salama. Msalimie Baba Mkubwa, hata kama alichukua upande wa shamba wenye maji, salamu hazigombani. Msalimie na yule jirani yetu mpika kasiksi, mwambie huku Goma wanauza pombe hiyo ya ndizi chupani lakini haiifikii yake. Kwa Asifiwe sijui nitume salamu gani. Mbusu kichwani, umwambie ni kutoka kwangu.

Neno la mwisho, Mama, na ndilo lililonifanya nirarue karatasi mbili kabla ya hii. Divine sikumwambia. Nilijaribu jana, nikashindwa, ulimi ukageukia kulekule kwenye tuko-muzuri. Anaamini kwamba anakuja kumchukua dada yake, kwamba Jumapili watarudi wote wawili na boti. Ameshafunga safari yake mwenyewe. Ana mifuko miwili: mmoja una nguo zake, mmoja ni mtupu. Nilipomuuliza mtupu ni wa nini, aliniambia ni wa nguo za Asifiwe. Sikuweza kumnyang'anya. Atashuka nao mkononi. Mugisho akitaka kumsaidia kubeba hatakubali, basi amwache aubebe mpaka nyumbani, halafu wewe, Mama, umwambie. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi mtoto wako,
Nsimire